Kutwa Mara Tatu, Baada ya Chakula

Jumatatu, 4 Machi

Leo ni tarehe nne Machi, mvua zimeanza, na mimi naapa kukueleza kila kitu, Dada, pamoja na yale ambayo Mama huniambia niyaruke. Barua zote ulizopata tangu uende huko kufanya kazi za ndani zilitoka mdomoni mwa Mama. Mkono tu ndio ulikuwa wangu. Ulimwambia dereva wa lori la saruji kwamba umechoka kusoma barua ile ile mara sita. Haya, daftari hili ni lako. Likijaa, au likitokea jambo, nitampa dereva akuletee, kwa kuwa najua mwajiri wako hakuruhusu kushika simu.

Nianze na chumba. Ni kile kile. Ukuta wa upande wa kitanda umeloa kutoka chini kwenda juu, kama kitambaa kilichoachwa ncha yake ndani ya ndoo. Mwaka jana unyevu uliishia usawa wa godoro. Leo nimepima kwa rula: umelipita godoro kwa sentimita kumi na nne. Dirisha halifunguki, maana mwenye nyumba alilipigilia mbao baada ya jirani kuibiwa redio. Mvua ikinyesha Mama anapikia ndani, kwa hiyo moshi nao umekuwa mpangaji mwenzetu, tofauti ni kwamba yeye hadaiwi kodi.

Bonge anakohoa. Mdogo wetu bado tunamwita Bonge, ingawa siku hizi suruali yake haikai kiunoni bila kamba. Ametimiza miaka minne mwezi uliopita na anasema sasa yeye ni mzee.

Jumanne, 5 Machi

Mvua kutwa nzima.

Alhamisi, 7 Machi

Nimekwenda kwa mwenye nyumba kumweleza habari za mfereji wa bati uliopasuka, ambao ndio unaomwagia ukuta wetu maji. Wapangaji wote wanamwita Bwana Kesho, na yeye anajua, na hajali. Aliitikia shikamoo yangu vizuri sana, akaniuliza habari za masomo, akasema fundi atakuja kesho. Nikamuuliza kesho ya tarehe ngapi. Akacheka mpaka akafuta macho, akasema binti huyu ana mdomo wa wakili.

Mama aliposikia alinigombeza. Anasema mtu ukimdai sana anakumbuka kwamba anaweza kukuhamisha.

Jumamosi, 9 Machi

Fundi hajaja. Bonge anakohoa zaidi wakati wa asubuhi.

Jumatano, 13 Machi

Leo Mwalimu wa sayansi ametufundisha maradhi ya kifua. Unamkumbuka, yule anayefuta ubao kwa kiganja halafu anajifuta kwenye shati. Aliandika ubaoni: MARADHI MENGI HUSABABISHWA NA KUTOJALI. Akaorodhesha: fungua madirisha, usipikie ndani, kausha nguo juani, mpe mtoto mlo kamili, wahi kituo cha afya. Tukaandika insha. Nimepata kumi na nane kati ya ishirini, mbili zimekatwa kwa sababu ya koma.

Nilirudi nyumbani nikiwa mtaalamu. Nikamweleza Mama habari za madirisha na mlo kamili, na kwamba Bonge alipaswa kupelekwa kituo cha afya tangu wiki iliyopita. Mama alikuwa anachambua uchafu kwenye pamba aliyokuja nayo kutoka kazini. Hakunyanyua kichwa. Alisema tu kituo kinafunguliwa saa mbili na kufungwa saa sita, na saa hizo yeye yuko kwenye magodoro. Nikamwambia afya ni uamuzi. Dada, nilisema hivyo hivyo, kwa sauti ya Mwalimu. Nilikuwa nimekasirika na niliona nina haki.

Jumapili, 17 Machi

Sikueleza vizuri habari za kazi ya Mama, na niliapa. Karakana ya magodoro inamlipa kwa godoro, si kwa siku. Pamba kuukuu huanikwa uani kwanza, ikikauka ndipo wanawake wanapoipiga, kuijaza na kushona. Pamba mbichi ukiijaza, godoro linaota ukungu na mteja analirudisha. Kwa hiyo jua lisipowaka hakuna pamba, pamba isipokuwepo hakuna kushona. Wiki hii Mama ameshona magodoro mawili. Kila asubuhi lazima aende hata hivyo, pamoja na Bonge, akae pale uani akitazama mawingu, maana asipokuwepo jua likichomoza nafasi yake inapewa mwingine.

Jumanne, 19 Machi

Hatimaye Mama amempeleka Bonge kituoni. Amerudi na chupa ya dawa ya maji, rangi ya waridi, na kadi. Mama hajui kusoma, kwa hiyo chupa ilinisubiri mezani mpaka nilipotoka shule. Nikasimama chini ya taa nikamsomea kama ninavyosoma darasani, pole pole, na vituo vyake: "Kijiko kimoja, kutwa mara tatu, baada ya chakula. Siku saba."

Mama akarudia, "Baada ya chakula."

Nikamwambia ndiyo, ni muhimu sana, na kwamba asiache hata Bonge akipata nafuu. Akaniambia nimesoma vizuri. Nikafurahi.

Jumatano, 20 Machi

Mvua. Bonge anaipenda dawa, anasema ina ladha ya pipi.

Ijumaa, 22 Machi

Mvua. Bwana Kesho amepita na mwavuli mpya, akautazama ukuta wetu akasikitika kama mtu aliyekuja msibani. Akaondoka.

Jumanne, 26 Machi

Nimeomba ruhusa shuleni nikaenda kituoni na Mama, ili kama kuna la kusomwa nisome. Tulifika saa moja na nusu tukapata namba hamsini na tatu. Benchi lina urefu wa watu kumi, wengine tunasimama, na kila anayeitwa sote tunasogea hatua moja, kama treni. Mbele yetu kuna picha kubwa ya sahani yenye samaki, yai, mboga, tunda na glasi ya maziwa. Bonge aliitazama saa tatu nzima. Aliniuliza hayo ni ya watu wangapi.

Zamu yetu ilipofika Mama akatoa chupa kwenye mkoba kwa fahari, kama mtu anayerudisha chombo cha kuazima kikiwa kimeoshwa. Nesi akaiinua kwenye mwanga.

"Mbona bado nusu?"

"Nimeitunza," Mama akasema.

"Umempa mara ngapi kwa siku?"

"Akishakula nampa. Kama mlivyoandika."

"Tuliandika mara tatu."

"Baada ya chakula," Mama akasema, taratibu.

"Ndiyo, mama, baada ya chakula, mara tatu. Au kuhesabu mpaka tatu nako ni kazi?"

Wale wa kwenye benchi wakacheka kidogo. Mama akanitazama mimi, akalitazama benchi lote, halafu akasema, "Nilisahau."

Nesi akamsema mbele za watu. Kwamba serikali inatoa dawa na wazazi wanazichezea, kwamba ugonjwa ulioachwa nusu unarudi na wenzake. Akaandika kwenye kadi, akatupa chupa nyingine. Nilisoma maandishi yake kichwa chini miguu juu: *Mzazi mzembe. Hafuati maelekezo.*

Tulipotoka Mama akaniuliza ameandika nini. Nikasema ameandika tarehe ya kurudi.

Dada, nilikuwa nimekasirika hata sikuweza kumshika mkono. Hakusahau. Nilimsomea mwenyewe, na Mama hasahau kitu, anakumbuka mpaka shati ulilovaa siku ya kwanza ya shule. Basi kwa nini hakumpa? Nilitembea mbele yake njia nzima, peke yangu na mwavuli.

Jumatano, 27 Machi

Sijasema na Mama ila "ndiyo" na "bado".

Jumatatu, 1 Aprili

Sentimita thelathini na moja juu ya godoro. Ukuta umeanza kutoa manyoya meusi. Bonge anauita ukuta paka.

Jumatano, 3 Aprili

Leo maji yameingia darasani, tukaruhusiwa saa sita. Nimefika nyumbani nikakuta jiko halijawashwa. Karakana nayo ilikuwa imewarudisha. Mama alikuwa amelala na Bonge, mchana mweupe, anampapasa mgongo ili asinzie. Chupa iko rafuni.

Nikauliza kama amekunywa dawa ya mchana. Mama akasema bado hajala. Nikauliza atakula saa ngapi. Akasema jioni, nikisharudi shule. Nikamwambia lakini nimesharudi.

"Na asubuhi alikula nini?"

"Chai."

"Chai na nini?"

"Na sukari, ilipokuwepo." Kisha akasema kwa sauti ndogo, asimwamshe Bonge, "Mwanzo nilimpa hivyo hivyo na tumbo tupu. Akaitapika yote. Nikasema kumbe ndiyo maana wameandika baada ya chakula."

Nilikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa. Shuleni tunapewa uji saa nne na maharage saa saba. Jioni tunakula pamoja sote watatu, na Mama husema wao mchana wameshashiba, anajimegea kidogo, na mimi nilikuwa naamini. Kwa mwezi mzima nimekula mara tatu kwa siku, Dada, mimi peke yangu katika nyumba hii. Na mimi ndiye niliyesoma "mara tatu" chini ya taa nikaona ni neno la kawaida.

Mama hakukosea hata kidogo. Alifuata maandishi kuliko Nesi mwenyewe. Chakula kilikuwa kimoja, na kijiko kikawa kimoja.

Nimemwambia kesho twende tukamweleze Nesi. Amekaa kitandani wima. Akasema afadhali benchi lile lote limjue kwamba ni msahaulifu. Nikamwambia lakini si kweli. Akasema, "Wewe soma. Mengine niachie mimi."

Alhamisi, 4 Aprili

Nimeisoma tena insha yangu ya alama kumi na nane. "Fungua madirisha." Nimechukua kisu cha jikoni nikajaribu kung'oa mbao za dirisha. Kisu kimepinda. Mama hajajua.

Jumatatu, 8 Aprili

Nimeanza kuleta maharage ya shule ndani ya kopo la kahawa, nusu ya yangu. Siku tatu zimekwenda vizuri, Bonge akala mchana na kunywa dawa. Lakini shule inatoka saa tisa na nusu, na Bonge, Mama akisharudi naye kutoka karakanani, anakaa mlangoni tangu saa sita kunisubiri, kwenye unyevu.

Jumatano, 10 Aprili

Mwalimu wa sayansi ameliona kopo. Sheria inasema chakula kinaliwa shuleni. Hakunipiga wala kunitukana. Alilifungua mbele ya darasa akaeleza, kwa ufasaha kabisa, jinsi vijidudu vinavyozaliana kwenye chakula cha uvuguvugu. Kisha akauliza swali, na mimi ndiye niliyenyoosha mkono nikalijibu sawasawa. Akanipongeza. Akamwaga maharage.

Sijui nimchukie vipi mtu anayesema kweli tupu.

Alhamisi, 11 Aprili

Mvua.

Ijumaa, 12 Aprili

Mvua. Dawa imekwisha lakini kikohozi hakijaisha.

Jumapili, 14 Aprili

Bonge amezidiwa. Tangu asubuhi alikuwa anapumua kwa tumbo, mbavu zinaingia ndani kama kuna mtu anayezivuta kwa uzi. Mchana akaacha kuzungumza. Mama akamfunga mgongoni, mimi nikashika mwavuli, tukaenda kwa miguu kwenye mvua, na kila baada ya muda Mama alikuwa anaweka mkono nyuma kumgusa mguu, kuhakikisha bado uko. Jumapili kituo hupokea wagonjwa mahututi tu. Mlinzi akatuuliza kama ni mahututi. Mama akageuka akamwonyesha mgongo wake. Mlinzi akafungua lango.

Ni Nesi yule yule. Alimvua Bonge nguo zilizolowa, akamchoma sindano, akamweka bomba la hewa puani, akakaa naye mwenyewe mpaka rangi iliporudi midomoni. Amelazwa. Mama amebaki naye, mimi nimerudi kulinda chumba, kana kwamba kuna kitu cha kuiba.

Hapa nimeacha nafasi ya kuandika habari za kesho.

Jumatatu, 15 Aprili

Yu hai. Amekunywa uji.

Jumanne, 16 Aprili

Wodini wanaleta chakula asubuhi, mchana na jioni, na baada ya kila mlo Nesi anapita na trei ya dawa. Nilihesabu: moja, mbili, tatu. Ni rahisi hivyo. Vijiko vinafuata sahani.

Bonge amekaa kitandani kama mkurugenzi. Amewauliza wahudumu majina yao yote. Mgonjwa wa kitanda cha pili, mzee fundi viatu, anamwita Jirani, na wanabishana nani amepewa yai kubwa.

Jumatano, 17 Aprili

Nimemkuta Nesi nyuma ya jengo, amesimama, anakula mkate mkavu saa tisa alasiri. Nilimwamkia. Akasema tangu asubuhi ameona watu themanini na sita na hapo ndipo amekumbuka kwamba naye ana tumbo. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia kwa muda mrefu zaidi.

Bonge leo alikohoa sana Nesi alipopita. Alipoondoka akaacha kukohoa. Nikamtazama, akaninong'oneza, "Nikikohoa vizuri hawatatuondoa, eti?"

Alhamisi, 18 Aprili

Bonge ameruhusiwa. Siku nne, na suruali imeanza kushika.

Nesi aliniita pembeni Mama alipokuwa anakusanya nguo. Alisema daktari ameamua Bonge awekwe kwenye orodha ya watoto wa kifua, wanaopata dawa kila mwezi mpaka mvua ziishe. Lakini kadi yake ina lile neno la uzembe, na mwenye lile neno hapewi dawa ya mwezi mpaka mzazi ajaze fomu. Akanipa. Juu imeandikwa FOMU YA MZAZI ALIYEKIUKA MAELEKEZO YA TIBA. Kuna mahali pa jina, mahali pa dole gumba, na katikati: *Eleza kwa kifupi sababu.* Halafu mstari mmoja. Irudishwe Jumanne, tarehe 23, kabla ya saa sita. Isiporudi, nafasi anapewa mtoto mwingine.

Nilimuuliza Nesi, kama ni mfano tu, mtu angeandika kwamba nyumbani wanakula mara moja kwa siku, ingekuwaje. Akauliza mimi nasoma darasa la ngapi.

Akasema, "Nikisoma 'alisahau', napiga muhuri, mnachukua dawa. Nikisoma hilo ulilosema, mtoto anaingia kwenye unga wa lishe, miezi sita. Na siku hiyo hiyo lazima niwaarifu ustawi wa jamii, waje kuangalia nyumba. Sina ruhusa ya kufanya moja nikaacha jingine."

Nikauliza wakija wakauona ukuta watafanya nini. Akasema wataandika wanachokiona. Akaniomba radhi kwa habari ya benchi, ila alisema haraka na hakunitazama, na kuna mtu alikuwa anamwita.

Ijumaa, 19 Aprili

Nimemsomea Mama fomu yote, na kichwa chake cha habari. Nimeapa kutoruka, na hata kwake sikuruka kitu. Nikamweleza pia maneno ya Nesi, habari ya unga na habari ya ustawi wa jamii.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Andika nilisahau."

Nikambishia kama sijawahi kumbishia. Kwamba dawa bila chakula ataitapika tena, kwamba Bonge amenenepa kwa siku nne, mimi nimeona, kwamba yeye si mzembe na sitaki kuandika kwa mkono wangu kwamba ni mzembe. Akaniacha nimalize. Kisha akanikumbusha mama yule wa chumba cha mwisho, aliyekuwa anauza mitumba. Ustawi walimchukua binti yake kwa muda, mpaka hali itakapotengemaa. Mwaka wa pili huu, na hali haijatengemaa. Akasema pia Bwana Kesho ameshawaambia wapangaji kwamba atakayemletea maafisa uani mwake ahame nao. Kwa jambo hilo, naona, hatasema kesho.

"Mzembe anaweza kujirekebisha wakamwachia mwanawe," Mama akasema. "Mimi nitajirekebisha nini?"

Mimi ambaye huwa nanyoosha mkono kwanza, nilishika kalamu nikairudisha chini.

Akachukua wino ambao Nesi alitufungia kwenye pamba, akabonyeza dole gumba chini ya fomu, akalipulizia likauke. Nikamwambia mstari bado mtupu, mtu haweki dole kabla ya maneno. Akasema anauamini mkono wangu. Akaenda kuchota maji.

Jumamosi, 20 Aprili

Dereva wa lori anapakia saa nne na anaondoka saa tano. Amesema atafika kwako leo jioni na atarudi huku Jumatatu. Daftari halijajaa, lakini nampa.

Usiku sikuandika, nilifikiri tu. Mama hajui kusoma. Nikiandika "nilisahau", atajua kwa kuniamini tu. Nikiandika vinginevyo, hatajua mpaka wageni wabishe hodi. Tukipata unga, Bonge atakula asubuhi, mchana na jioni mpaka Oktoba. Labda ustawi watakuja na kumlazimisha mwenye nyumba atengeneze mfereji. Kuna watu wazuri kila mahali, hata Nesi nilidhani si mmoja wao. Au labda watampeleka Bonge mahali penye madirisha, na mimi ndiye nitakayekuwa nimewaandikia waje. Na tukinyamaza, tutapewa chupa ya mwezi mzima yenye maandishi yale yale, na jua halijawaka tangu Jumanne.

Nimefanya jambo moja bila kuuliza mtu. Jana nilimwambia Mpishi wa shule ukweli wote. Leo asubuhi amemtuma mwanawe hapa na bakuli la viazi, na neno kwamba Jumamosi shule haina sheria. Bonge amekula, amekunywa kijiko cha kwanza cha leo cha dawa tuliyopewa wodini, sasa anacheza. Ni mlo mmoja. Sijui wa mchana utatoka wapi.

Wewe umemlea Bonge kabla yangu, na unamjua Mama kuliko mimi. Usinijibu kwamba nifanye ninavyoona. Ninaona pande zote mbili na ndiyo maana silali. Dereva nimemwomba asiondoke kwako bila karatasi yenye maandishi yako. Niambie, Dada, kwenye mstari ule mmoja, juu ya dole la Mama lililokwisha kukauka: niandike alichoniambia, au niandike kilichotokea?